Kijivu na Bati la Unga Limited

Juzi nilipitia duka la dawa za mifugo, Moshi mjini, kutafuta dawa ya kuku. Kijana wa dukani akafungua pipa la molasi kumpimia mteja, ile harufu ikanivuta mpaka Usa River, mabandani, jioni tukiwaingiza farasi.

Tuliwaingiza mapema kwa sababu ya usubi, wale wadudu wadogo. Ndio unaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule unaoua mnyama mzima katika siku chache, na huuma zaidi kuanzia machweo hadi alfajiri. Kwa hiyo jua likielekea kuzama, kila farasi bandani kwake, mpaka kupambazuke vizuri. Hapo sibishi. Lakini farasi aliye malishoni anaweza kutafuna hata saa 16 kwa siku, na tumbo lake dogo hutoa asidi muda wote, awe anakula au hali. Sisi tulikuwa tunampa fungu moja la majani makavu, akilimaliza hata watu hawajalala. Usiku wote uliobaki afanye nini?

Farasi wetu Kijivu aliyumba. Alitoa kichwa mlangoni, akahamisha uzito toka mguu huu wa mbele hadi ule, kushoto, kulia, mpaka sakafu ya saruji ikachimbika chini ya kwato zake. Mwenye shamba akafunga vyuma vya umbo la V mlangoni ili kumzuia. Kijivu akarudi hatua mbili, akaendelea kuyumbia ndani.

Daktari mmoja wa mifugo aliyekuja kuwachanja akatuambia tumpe shughuli: majani kwenye wavu wa matundu madogo ayavute kidogokidogo, dumu lililotobolewa lenye pumba na molasi alisukumesukume. Na kioo. Uingereza walishajaribu, alisema, farasi wanaoyumba wakapunguza. Kioo cha kabati kingevunjika kikamkata, basi nikaenda kwa fundi wa mtaa wa Unga Limited, Arusha, akanisugulia bati la stenlesi mpaka nikaona chunusi zangu.

Mzee wetu saisi, mtunza farasi, alilipigilia ukutani huku akinung'unika. "Binti, farasi anapata kioo, mimi nanyolea ndevu kwenye dirisha la gari."

Kijivu aliingia, akaganda. Masikio yote mawili mbele. Akasogea kwa kunyata, shingo ndefu, tundu za pua zimefunguka, akatoa ile sauti ya chini wanayosalimiana nayo. Akaweka pua kwenye bati. Pumzi yake ikatanda ukungu na yule farasi mwingine akapotea. Kijivu akaruka nyuma. Ukungu ukakauka taratibu, likatokea jicho, kisha paji la uso, na yeye akarudi tena, akanusa, akampoteza tena. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akapeleka kichwa pembeni ya bati, akachungulia nyuma yake. Ukuta. Akajaribu upande wa pili. Ukuta. Mzee alikuwa amesimama na nyundo, hacheki.

Mengine yalikwenda haraka. Dumu alilipasua. Wavu ulimfaa kweli, majani yakawa yanafika usiku wa manane. Kuyumba kukapungua, isipokuwa asubuhi akisikia toroli la chakula. Mwenye shamba akafurahi, akaagiza mabati mengine.

Mzee alitaka tung'oe mbao chache kati ya Kijivu na jike wa banda la pili, waguse pua. Akakataliwa: wataumana.

"Huyu wa kwenye bati hanuki," aliniambia jioni moja tukijaza nyavu. "Hamkuni shingo. Unadhani Kijivu hajui?"

Nikamweleza ya daktari, ya Uingereza, kwamba vioo vinapunguza kuyumba na hata hapa vimepunguza, si anaona mwenyewe.

"Naona, mama. Lakini mimi sikuuliza habari ya kuyumba."