Nilivyompima Mwingereza Nikidhani ni Mjerumani

Mtutu wa mzinga wa Königsberg, manowari ya Kijerumani, una urefu wa mita 4.2. Kwa kipimo ninachotumia mimi kuunda meli za mfano, 1:200, unashuka hadi milimita 21, kama nusu ya njiti ya kiberiti. Kwa ajili ya nusu njiti hiyo nilipanda basi kutoka Dar es Salaam mpaka Mombasa na kulala huko siku mbili, na mke wangu hadi leo anataka nimweleze vizuri nilifuata nini.

Wanaounda meli ndogo watanielewa. Königsberg ilishushwa majini Kiel mwishoni mwa 1905: mita 115.3, dohani tatu, mizinga kumi ya sentimita 10.5. Hapo kwenye kumi ndipo penye balaa. Dohani ukiikosea unaibandua, basi. Mzinga ukiukosea umekosea mara kumi, kwa sababu unachonga mmoja wa mfano na mingine tisa inaufuata. Mchoro nilionunua, kwa hela ambayo sitaki kuitaja humu ndani ya nyumba, ulionyesha vijiti kumi vilivyonyooka, kitako cha kupakilia risasi kwa nyuma hakuna, utadhani mabaharia wale walikuwa wakisokomeza risasi kwa kupitia mdomoni. Picha za zamani nazo ni moshi na vivuli. Michoro ya manowari za Kaizari inahifadhiwa Freiburg, kwenye tawi la kijeshi la hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani, na nakala ni za kulipia kwa yuro. Nikapiga hesabu ya yuro, nikaona basi ni nafuu.

Maana mizinga yenyewe ipo. Meli ilipomalizwa kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915 na zile monita mbili za Waingereza, manowari za maji mafupi, Severn na Mersey, Wajerumani waliitoa mizinga yote kumi. Karakana ya reli Dar es Salaam ikaiundia magurudumu, ikaenda kupigana nchi kavu pamoja na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki. Leo mmoja uko Pretoria, mmoja Jinja, mmoja Fort Jesus. Pretoria ni ndege. Jinja ni kukunja magoti mpaka yasahau kukunjuka. Mombasa ikashinda.

Ndani ya basi sina la kusimulia, ila kwamba kiti changu kilikuwa juu ya tairi na nililipa nauli sawa na waliokaa vizuri. Mpakani tulishushwa na mizigo. Ofisa mmoja aliitoa kalipa yangu, kifaa cha kupimia vipenyo, kwenye begi, akaifungua, akaifunga, akaifungua tena, akaniuliza inapima nini. Nikamwambia mzinga. Nilikaa kwenye benchi mpaka konda alipokuja kunitetea. Jibu zuri lilikuwa "bomba la maji", lakini lilinijia tukiwa tumeshafika Ukunda.

Chumba kilikuwa na bei ya kiyoyozi na feni inayozunguka ikijisikia.

Asubuhi nilifika Fort Jesus jua bado changa. Mizinga ya kale ya kutia baruti mdomoni haikunishughulisha. Mzinga wa chuma wa zama za manowari unautambua kwa mbali. Nikauona, nikalitua begi pembeni, nikaanza kazi. Kwanza kitako, kwa kuwa ndicho kilichonileta. Nikapima kipenyo kila nusu mita kutoka mdomoni kurudi nyuma, nikachora, nikapiga picha nikiwa nimelala chali chini ya mtutu huku wanafunzi waliokuja kutembea wakinipita kwa heshima, kama mtu anayepita msibani. Chuma kikaanza kushika moto. Nilipoegemeza mkono, kiliniachia alama. Saa mbili nzima nilikuwa pale.

Kalipa ilinionya, nami nikaitukana. Tundu la mtutu linatakiwa kuwa milimita 105. Nilisoma mia moja na moja na ushei. Nikapima tena, ikawa vilevile. Nikasema ni rangi, wamepaka rangi juu ya rangi miaka yote hii. Nikasema ni kutu. Nikasema ni kalipa ya bei rahisi. Kila kitu nilikishuku isipokuwa mimi mwenyewe.

Kijana mmoja anayetembeza wageni alikuwa amesimama kivulini muda mrefu akinitazama. Akasogea.

"Ami, mbona wampima Mwingereza?"

"Mwingereza yupi, mwanangu?"

"Huyo ulomkumbatia. Mjerumani ni yule pale."

Nikamwambia haiwezekani. Hakubishana. Alinyoosha kidole tu, akaniacha nitembee mwenyewe hadi kwa yule wa pili, niingize kalipa mdomoni mwake, na kusoma 105. Kisha akaomba ya chai. Nikampa mia mbili, akaziangalia kama nilivyoiangalia feni ile.

Nilichokuwa nimekikumbatia ni mzinga wa Pegasus. Inchi nne, yaani milimita 101.6. Tofauti ni milimita 3.4! Pegasus ndiyo ile manowari ya Kiingereza ambayo Königsberg iliivizia Zanzibar alfajiri ya 20 Septemba 1914, ikiwa imetia nanga kufanyiwa matengenezo ya mitambo. Ilijibu, lakini risasi zake zilianguka majini kabla ya kumfikia Mjerumani, ambaye mizinga yake ilifika mbali zaidi. Na leo wamewekwa pamoja, muuaji na marehemu, na fundi mzima anakuja na kalipa anashindwa kuwatenganisha.

Nilimpima Mjerumani mchana, jua la utosi, kwa haraka na kwa hasira. Vipimo vyake nilivyo navyo ni vichache kuliko vya Mwingereza ambaye sikumhitaji.

Wakati wa kurudi nilikuwa na saa nyingi za kuwaza juu ya lile tairi. Magurudumu ya mizinga ile yaliundwa kwenye mji ninaoishi. Meli imelala kwenye tope la Rufiji, mabaki yake mengine yalikatwakatwa miaka ya 1960 kuwa chuma chakavu, na Rufiji ni karibu kwangu kuliko Mombasa, lakini sijawahi kukanyaga. Nahodha wake, Max Looff, jina lake nimelikuta kila niliposoma. Wapagazi walioikokota ile mizinga porini sijakutana na jina hata moja, nami nimeshasoma mengi. Nilijaribu kufikiria ningewachonga vipi kwa 1:200. Mtu anakuwa kama milimita nane. Kamba ingekuwa unywele.

Mitutu kumi sasa imekamilika, ya bomba jembamba la shaba. Kwa kuwa nilishamchoka Mwingereza kwa kumpima, nikachonga na wake mmoja, nisije nikawa nimeunguza mkono bure. Nikaviweka vyote kwenye kisahani, wa Pegasus pembeni. Juzi mtoto wa dada yangu alikuja, akapitisha kiwiko. Tumeviokota vyote kumi na moja chini ya kabati. Milimita 3.4 ukiigawa kwa 200 unabaki na kitu ambacho kalipa yangu haikisomi, na vitako nilikuwa bado sijavibandika.