Mkono ule begani

Jumapili, saa nne usiku. Leo nimemaliza kuskani kopo la kwanza.

Ni kopo la biskuti, lile la bati la mviringo, na tangu nipate akili sijawahi kulikuta na biskuti. Nyumba nyingine lilikuwa na sindano na nyuzi. Kwetu lilikuwa na negativu, vile vipande vya filamu ambavyo picha zilisafishwa kutoka kwavyo. Mama amekuja nalo kutoka Tanga amelifunga kwenye kanga, amelipakata njia nzima, na aliponikabidhi alisema, "Mwanangu, hivi vitu ukivipoteza usinipigie simu."

Skana yenyewe ni mtumba, Epson Perfection V600, nimeipata Kariakoo kwa laki mbili na nusu baada ya kupatana nusu saa nzima. Muuzaji alikuwa akiitumia kuskani vyeti vya watu tu. Hakuwahi kuutoa ule ubao mweupe uliobandikwa ndani ya mfuniko, kwa hiyo hakujua kwamba nyuma yake kuna taa ya pili, na kwamba taa hiyo ndiyo inayoipandisha bei. Sikumfundisha. Mungu atanisamehe.

Kabla ya hapo nilikuwa na skana nyingine, nyembamba kama sinia, inayojiendesha kwa waya wa USB peke yake. Kwa kitambulisho na risiti haina neno. Lakini skana za aina ile macho yake yapo hapo hapo chini ya kioo na hayaoni mbali. Karatasi ikinyanyuka milimita mbili tu, picha inaingia ukungu. Na negativu hazisomi kabisa, maana negativu inataka mwanga uipenye kutoka juu, kama ulivyokuwa ukiiinua dirishani kuchagua ipi ikasafishwe. Niliwahi kujaribu kuimulika kwa tochi ya simu juu ya ile skana nyembamba. Nilipata michirizi ya kijani.

Hii ya sasa ina kioo cha kuakisi na lenzi ndani, inaona kwa kina kidogo, na kina hicho ndicho kilichomwokoa bibi. Picha yake ya studio imekaa kwenye fremu sebuleni Tanga miaka yote, na kwa unyevu wa pwani imegandamana na kioo cha fremu. Ukiivuta, shavu linabaki kwenye kioo. Fundi wa fremu alishauri tuiloweke maji ibanduke yenyewe. Nikamwambia asante, nikaondoka na fremu yangu. Nilichofanya ni kuitoa pamoja na kioo chake, nikakifuta upande wa nje, nikailaza kifudifudi juu ya skana. Bibi akatoka mzima, mpaka ule uzi wa hirizi shingoni ambao sikuwahi kuuona.

Picha za karatasi ni kazi nyepesi. 600 dpi, yaani nukta 600 kwa kila inchi, unapanga nne kwa mpigo, unaendelea na mambo yako. Isipokuwa zile za miaka ya 1980 zenye karatasi ya vijidoa vidoa kama ngozi ya mjusi. Zile kila kidoa kinarudisha mwanga na uso mzima unametameta. Nimeziweka pembeni.

Negativu ndizo zinazokula usiku. Kwenye boksi wameandika 6400 dpi, na siku ya kwanza, kwa ushamba wangu, nikaweka 6400. Negativu moja ya milimita 24 kwa 36 ikanipa faili la megabaiti 160 na ushee, kompyuta ikaanza kuhema. Nikarudia ile ile kwa 3200, halafu 2400, halafu 1200, nikazikuza zote kwenye jicho moja la mtoto mmoja. Kutoka 1200 kwenda 2400 kope zinaongezeka. Baada ya hapo kinachoongezeka ni ukubwa wa faili tu. Kope ni zile zile, zimenenepa. Skana za mezani zote nilizowahi kusoma habari zake ziko hivyo, namba ya boksini ni ya kuuzia. Sasa nafanya 2400, faili la megabaiti 23, na linatosha kusafisha picha ya ukutani.

Halafu vumbi. Nyumba yetu iko kando ya barabara isiyo na lami, na unywele mmoja juu ya negativu ukiukuza unakuwa kamba ya meli. Nimenunua duka la dawa ule mpira wa kunyonyea kamasi za watoto, mpya, napulizia kila kipande kabla ya kufunika. Skana nayo ina msaada wake, Digital ICE: inapitisha mwanga wa infraredi ambao rangi za negativu hazizuii lakini vumbi linauzuia, kwa hiyo inajua kipi ni uchafu na kipi ni picha, inafuta. Kwa negativu za rangi ni kama uchawi. Kwa nyeusi na nyeupe ni balaa. Nilimweka baba, akiwa JKT miaka ya 1970, ameshika jembe kama anakabidhiwa cheo, nikasahau kuizima. Alitoka na madonda uso mzima. Picha ya nyeusi na nyeupe ni chembe za madini ya fedha, na fedha inazuia infraredi kama vumbi lenyewe; mashine ilimwona baba mzima kuwa ni uchafu ikaanza kumsafisha. Mama alichungulia skrini akauliza, "Hiyo surua aliugua lini?"

Negativu za mama nyingi ni vipande vifupi, cha picha mbili, cha picha tatu, kingine kimoja peke yake. Mpiga picha wa mtaa alikuwa anapita na kamera yake siku za sikukuu, anapiga familia kumi kwenye mkanda mmoja, wiki ijayo analeta picha na kudai chake. Wengine walipewa picha tu. Mama alishawahi kuambiwa picha za maulidi zimeungua, na baadaye akaiona mojawapo kwenye albamu ya mtu mwingine, kwa hiyo tangu hapo halipi mpaka akatiwe na negativu yake. Kwa ukaidi huo leo nina cha kuskani. Kwa ukaidi huo huo nateseka, maana ile fremu ya plastiki ya kushikia imetengenezewa mkanda mrefu. Kipande cha picha moja kinateleza ndani yake na kimejikunja kama ganda la ndizi. Navilaza wiki nzima chini ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Haijawahi kunifaa hivi tangu nimalize shule.

Usiku wa leo ilikuwa zamu ya kipande cha Idi ya 1994.

Picha yake ya karatasi tunaijua sote. Niko mbele ya ukuta, nina miaka sita, gauni la waridi lenye marinda, sura ya mtu aliyemaliza kulia sasa hivi. Begani kwangu kuna mkono. Mkono tu, umekatwa kwenye kiwiko na ukingo wa picha. Dada alinidanganya ni wa jini, na nilikaa muda mrefu sipiti karibu na albamu ile baada ya magharibi. Mama siku zote alisema ni wa kijana wa mpiga picha, alikuwa akiwanyoosha watoto wasimame vizuri.

Mara ya kwanza niliilaza kwa upande usio wake: mama anaonekana nyuma mlangoni na kanga, na jina la kanga lilisomeka kinyumenyume. Nikaigeuza. Ikasomeka, MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Ndipo nikakumbuka jambo nililolisoma juzi. Picha ya karatasi ya sentimita 9 kwa 13 haina umbo sawa na negativu, negativu ni ndefu zaidi, kwa hiyo kule walikosafishia lazima kipande cha pembeni kilibaki nje. Na programu ya skana nayo inakata, ukiiachia ijitengenezee vijipicha. Nikaondoa alama kwenye kisanduku cha vijipicha hivyo, nikachora mstari mwenyewe mpaka kwenye ukingo wa filamu ambako pana weusi mtupu.

Zilikuja kama milimita moja na nusu ambazo hakuna aliyewahi kuzisafisha. Sura haimo. Kuna mkono wa nguo ya buluu uliokunjwa juu ya kiwiko, una mabaka ya grisi, na chini kabisa ncha ya buti.

Nikamwita mama. Alivaa miwani, akakaa kitandani kwangu, akainama mpaka pua ikakaribia skrini.

"Astaghfirullah," akasema. "Miaka yote hii namsingizia mtoto wa watu."

Nikangoja.

"Huyo kaka yangu. Alikuwa ametoka zamu ya usiku bandarini, amepita na nyama. Mpiga picha akamwambia ingia na wewe, akasema ovaroli hii itawaharibia Idi yenu. Wewe ulikuwa unalia unaogopa kamera, ndiyo akasimama pale pembeni akakushika." Akakaa kimya kidogo. "Na gauni alileta yeye."

Picha za mjomba tunazo moja, ya paspoti, na muhuri umempita mdomoni.

Mama aligusa skrini kwa kidole, pale filamu inapoishia.

"Hiyo mashine yako haiwezi kumvuta akaingia kidogo?"

"Filamu imeishia hapo, mama."

"Basi kaisafishe hivyo hivyo," akasema akivua miwani. "Kubwa. Na uwaambie wasikate."