Nilivyopata kina cha uzi wa M20 kwa kuanzia kwenye ncha ya kisu

Kazi ilikuwa kukereza shafti ya mashine ya kusaga nafaka, ambayo upande wake mmoja hufungwa kwa nati ya M20, yaani ya uzi wa metriki wenye kipenyo cha milimita 20, yenye pichi (umbali kutoka kilele kimoja cha uzi hadi kinachofuata) ya milimita 2.5. Nilipotafuta kina cha uzi nilikuta namba tatu zinazopingana: jedwali la ukutani lilitaka pichi izidishwe kwa 0.6134, kitabu cha mafunzo kilitumia 0.6495, na fundi mkuu wa karakana, anayekata kwa mazoea, alikuwa akienda karibu robo tatu ya pichi, na nati zake zote zilikuwa zikikaa vizuri. Kwa pichi hiyo, tofauti kati ya namba ya kwanza na ya mwisho ni zaidi ya theluthi moja ya milimita, nayo si ndogo hata kidogo kwenye uzi.

Nilichora pembetatu yenyewe. Uzi wa metriki una pembe ya digrii 60, kwa hiyo kimo cha pembetatu kamili ni pichi mara 0.866. Kilele cha nje hukatwa moja ya nane ya kimo hicho, na zinabaki saba ya nane, yaani pichi mara 0.7578, ambacho ndicho kina cha kisu chenye ncha kali kabisa. Ncha ikiwa na mviringo, kina hupungua kwa kiasi kilekile cha nusu kipenyo cha mviringo huo, bila kuzidisha wala kugawanya chochote. Ncha ikiwa bapa, hupungua kwa upana wa bapa mara 0.866. Hapo nikaona kwamba wote watatu walikuwa sahihi: jedwali lilikuwa na ncha ya mviringo ya kiwango, kitabu kilikuwa na bapa ya moja ya nane ya pichi, na fundi wetu hunoa kisu chake kikawa kama sindano.

Kisu changu nilikinoa kwa grainda na kukimalizia kwa jiwe la mafuta, na kwa kioo cha kukuzia chenye mistari ya vipimo nilikadiria mviringo wa ncha kuwa na nusu kipenyo cha milimita 0.2. Kwa hiyo kina kilikuwa 1.894 kutoa 0.2, sawa na 1.694. Kina hicho huhesabiwa kutoka kipenyo kamili cha 20, na mimi nilikuwa nimekereza shafti hadi 19.85, hivyo niliondoa tena 0.075 na kubakiwa na 1.619. Kwa kuwa slaidi ndogo ya juu nilikuwa nimeigeuza digrii 29.5 ili kisu kikate zaidi kwa upande mmoja, nilikigawanya kina hicho kwa 0.870 nikapata 1.86 ya kuzungusha kwenye slaidi hiyo. (Anayesukuma moja kwa moja kwa slaidi kubwa aangalie kama piga yake (duara la namba kwenye mpini) inasoma kipenyo, kwani hapo namba lazima iwe maradufu.)

Nilianza na mikato ya 0.25, nikapunguza kadiri kisu kilivyozidi kugusa chuma kingi, hadi 0.05 mwishoni. Hesabu niliitumia kujua nimekaribia wapi. Uamuzi niliuachia upimaji wa nyaya tatu. Badala ya nyaya nilitumia mashina ya keekee za milimita 1.5, mawili upande mmoja wa uzi na moja upande wa pili, nikapima juu yake kwa maikromita. Kipimo hicho ni kipenyo cha katikati ya uzi (pale ambapo upana wa jino na wa mfereji ni sawa), kuongeza kipenyo cha waya mara tatu, kutoa pichi mara 0.866. Kwa daraja la 6g, yaani kiwango cha kawaida cha tofauti inayoruhusiwa kwa uzi wa nje, kipenyo cha katikati huwa kati ya 18.164 na 18.334, kwa hiyo maikromita ilipaswa kusoma kati ya 20.499 na 20.669, nami nilisimama kwenye 20.60.

Kwa nyuzi za mabomba ya maji hesabu hii haifai, maana pembe yake ni digrii 55 na vilele vyenyewe ni vya mviringo. Huko ninatumia pichi mara 0.6403, kwa kisu kilichonolewa kwa geji ya pembe hiyo.