Chujio liliziba, nikalaumu mvinyo

Kwa miaka mingi tulichuja mvinyo wetu kwa unga wa diatomaiti, yaani unga wa magamba ya mwani wa kale. Wapo wengi wanaoutumia na sina ugomvi nao, mvinyo unatoka safi. Mimi nilichoka na vumbi lake, maana ukilivuta siku hadi siku mapafu yanaumia. Ndipo tukanunua chujio la utando, la mita za mraba 6, mtumba.

Humo mvinyo hausukumwi kukutana na kizuizi uso kwa uso. Unapita ndani ya mirija myembamba kama tambi, na kuta za mirija zina vitundu vya mikroni 0.2. Mvinyo safi unapenya pembeni. Hamira, bakteria na mashapo vinarudi tangini, na mkondo huohuo unasugua kuta zisizibe haraka.

Mwanzoni tulipata lita 400 kwa saa. Tangi la lita 3,000 la Chenin Blanc, mvinyo mweupe wa zabibu za Dodoma za mavuno ya Agosti, tulilianza alfajiri na kabla ya magharibi tulikuwa tumemaliza. Niliinua glasi dirishani nikasoma maandishi ya dumu lililokuwa nyuma yake.

Tangi la nne likanitoa jasho. Geji ya presha inapanda, mvinyo unatoka lita 150 kwa saa. Nikasema ni pektini, ule ute wa matunda unaogandisha jamu. Nikatia kimeng'enya cha kuivunja, nikasubiri siku mbili. Nikahamisha mvinyo ili bentonaiti, udongo tunaotia kusafisha mvinyo, ibaki chini, jambo ambalo hata hivyo ni lazima, kwa sababu chembe zake zinakwaruza mirija. Hakuna kilichobadilika.

Fundi wetu wa pampu akaniuliza, "Dada, umeshapitisha maji matupu?"

Sikuwa nimepitisha. Tukaweka presha ileile ya siku ya kwanza. Ndoo ya lita 20 iliyokuwa ikijaa kwa sekunde 40 ikachukua karibu dakika mbili, na hapakuwa na tone la mvinyo ndani.

Akanionyesha birika letu la chai: gamba jeupe hadi kwenye mdomo. Maji ya kisima chetu ni magumu, yaani yana chokaa nyingi, na kila jioni nilikuwa nikiyachemsha na kuyachanganya na kostiki soda kuoshea chujio. Kostiki inaondoa uchafu wa mvinyo vizuri sana, ila kwenye maji magumu inaifanya chokaa ijitenge na kuganda. Nilikuwa naupiga utando chokaa kwa mikono yangu mwenyewe.

Tukazungusha asidi ya sitriki, asilimia 2, kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa nzima. Ndoo ikajaa kwa sekunde 55. Tukarudia kesho yake: 43. Ile 40 haijarudi tena, na hilo bado linaniuma.

Siku hizi kostiki tunaichanganya na maji ya mvua tu, au maji yaliyotolewa chumvi yakiisha ya mvua. Kabla ya kila tangi tunapima ndoo na kuandika sekunde ukutani kwa chaki, karibu na pampu. Ya jana ni 44.