Mlenda wa sebuleni

Mwezi wa pili nilikuwa nyumbani Dodoma, likizo ya wiki tatu. Nilipoondoka 2016, kutoka Dar ilikuwa ni kutwa nzima kwenye basi. Safari hii nilipanda treni ya SGR, kama masaa manne hivi nikawa nimefika, hata kiuno hakijauma.

Siku ya pili mama akanipeleka Nala kuona nyumba yangu. Kiwanja nilinunua 2018, mwaka ule Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji, watu tukagombania viwanja kama mahindi ya msaada. Ramani ni vyumba vinne. Kuta zimeishia kwenye renta, bati bado. Kwenye picha za fundi ilipendeza (ana kipaji cha kuchagua pembe, huyo). Mvua zilikuwa zimekolea, na sebuleni, pale nilipopanga kuweka makochi, umeota mlenda pori hadi magotini. Mama akainama, akaanza kuchuma machanga, anatia kwenye pindo la kanga.

"Mwenzio nachuma hapa tangu mwaka juzi," akasema. "Nyumba yako inalisha watu."

Nilicheka. Usiku usingizi ukagoma, nikachukua daftari nikaanza kupiga hesabu.

Kazi yangu huku Leeds, Uingereza, ni kutunza wazee. Zamu ya Jumamosi usiku inalipa vizuri, ndiyo iliyonyanyua zile kuta. Natoka Jumapili asubuhi, saa tatu nimejitupa kitandani na simu nimezima. Saa hiyo Dodoma ni saa sita mchana, mama katoka kanisani, kakaa chini ya mwarobaini na simu mapajani. Nikiamka jioni nimpigie, kule ni usiku, anasinzia. Tunaongea hela ya dawa na ada ya mtoto wa fulani, basi.

Miaka 9, likizo 3: siku 63 na mama. Kuna bibi wa chumba cha mwisho kule kazini ambaye nimekaa naye kuliko aliyenizaa.

Sikuamua kurudi moja kwa moja. Huo wimbo tunauimba kila Desemba na sijaona aliyefunga mabegi. Niliamua kuacha zamu ya Jumamosi usiku, hiyo moja tu. Bati litachelewa mwaka, pengine miwili. Mwenzangu ninayeishi naye alinitazama kama nimerogwa.

Jumapili ya kwanza nilipiga saa tatu kamili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna nini? Wamekufukuza kazi?"

Ilichukua muda kumtuliza. Halafu akaanza: mlenda ameuanika, ukikauka atautwanga anifungie wa kutosha, jirani kauza mbuzi wawili halafu anajuta, kwaya wamepata sare mpya, rangi mbaya. Dakika 50, pesa haikutajwa.

"Ngoja, usikate, maji yamechemka," akasema. Akaiweka simu karibu na jiko, nikawa namsikia anasonga ugali wa uwele, mwiko unagonga sufuria.