Mita Tatu za Baba

Kiwanja cha baba kule Kimara kilipimwa kwa miguu. Mwaka 1988 aliyemuuzia alitangulia mbele akihesabu kwa sauti, baba akamfuata, na mjumbe nyuma yao na daftari: hatua 20 kwa 25. Karatasi ya mauziano ndiyo iliyokuwa hati yetu. Ilikuwa na wino wa bluu, majina ya mashahidi na alama ya dole gumba la muuzaji. Siku hiyohiyo baba akachomeka vijiti vya minyaa kuzunguka eneo lake lote, na nilipopata akili nikakuta minyaa imeshampita kimo.

Wakati huo huko kwetu kulikuwa mashamba ya mihogo na mikorosho. Watu wakaendelea kununua vipande, kila mtu na hatua zake, hakuna aliyekumbuka kuacha njia. Kati ya minyaa yetu na uzio wa jirani wa mbele kikabaki kichochoro cha mita mbili. Bodaboda ilipita. Jeneza lilipita, kwa kuinuliwa juu ya vichwa. Gari la majitaka halikupita.

Hilo la gari ndilo lililotugombanisha. Choo kikijaa na gari halifiki, unaita vyura, vijana wanaoingia shimoni usiku na ndoo, au unasubiri mvua kubwa utapishe. Jirani yetu alitapisha. Ilikuwa mvua za El Niño, mwisho wa mwaka 1997, mimi nikiwa darasa la tano. Alitoboa shimo lake usiku mvua ikinyesha, na yale maji yakashuka na mteremko hadi jikoni kwa mama. Asubuhi mama aliokota sufuria zake moja moja kwenye uchafu ule, hakusema neno. Baba hakumsalimia tena jirani yule. Miaka yote walipishana kichochoroni, bega likikaribia kugusa bega, kimya.

Mwaka 2018 urasimishaji wa makazi, yaani kupanga na kupima viwanja vya mitaa iliyojengwa bila ramani ili wenyewe wapate hati, ukafika mtaani kwetu. Mpango wenyewe wa nchi nzima ulikuwa umeanza 2013. Tukakutana kwenye uwanja wa shule, mwenyekiti wa mtaa akafungua kikao, tukachagua kamati, nami nikapewa ukatibu. Mchango ulikuwa shilingi 250,000 kwa kiwanja, kwa maana wakazi ndio wanaomlipa mpangamiji na mpimaji. Eneo la barabara unalitoa bure. Hakuna fidia.

Hapo ndipo penye kazi. Kila mtu anaitaka barabara, ila ipite kwa mwenzake. Tena mwaka uliotangulia tulikuwa tumeona kwa macho yetu nyumba za kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuelekea Kiluvya, zikivunjwa kupisha upanuzi. Mtu akiona futi kamba tu, anageuka kutazama ukutani kama amechorewa X nyekundu. Nilipita nyumba kwa nyumba miezi mingi nikirudia maneno yaleyale: safari hii tunajikata wenyewe, na tunakubaliana wenyewe wapi.

Kampuni tuliyoiajiri ilituletea mchoro wa kwanza juu ya picha ya anga. Barabara ya mita 6, imenyooka kama rula, imepita katikati ya vyumba viwili vya bibi mmoja anayekula kwa kodi ya wapangaji. Waliochora hawakuwa wamekanyaga mtaani. Tuliukataa. Tukatandaza karatasi ile kwenye benchi la muuza kahawa, tukabana pembe zake kwa vikombe, tukachukua kamba ya katani na penseli, tukaanza upya kichochoro kwa kichochoro. Penye mwembe njia ikapinda, penye kisima ikapinda. Bibi akabaki na vyumba vyake. Sijawahi kuona aibu kwa barabara yetu kuwa na kona nyingi, kila kona naijua ni ya nani.

Tulipofika kwetu, hesabu ikakaa vibaya. Nyumba ya jirani ilikuwa imejengwa ukingoni kabisa. Angeweza kubomoa uzio na kutoa mita moja, basi. Ukijumlisha na zile mbili za kichochoro, tatu zilizobaki zilitakiwa zitoke kwa baba.

Jioni nikamkuta barazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Naona leo umekuja na makaratasi."

Nikamwonyesha. Akafuata mstari kwa kidole.

"Yeye moja, mimi tatu?"

"Ndiyo, baba."

"Yule aliyemtapishia mama yako jikoni."

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za hati miliki, mikopo ya benki, thamani ya kiwanja kupanda. Yote yakanitoka kichwani.

"Baba, alitapisha kwa sababu gari halifiki," nikasema. "Na choo chetu nacho kinakaribia kujaa."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la msuli, akaifuta tena. "Nenda kalale, mwanangu."

Jumapili tukaanza kupita na kamati, majirani nyuma yetu na kijana wa vipimo. Baba alikuwa amesimama nje na panga mkononi. Kijana akanyoosha futi kamba, baba akamzuia.

"Nitapima mwenyewe."

Akaupa mgongo ua wa minyaa, akapiga hatua tatu ndefu kuingia uwanjani kwake, akasimama. Kijana akatandaza futi kamba chini. Mita 1 na sentimita 80.

Hakuna aliyesema kitu. Baba akazitazama kandambili zake. Kiwanja kile kizima kilitokana na miguu ile. Akapiga hatua nyingine mbili, polepole.

"Hapa je?"

"Hapo ni mita 3 kamili, mzee."

Akachomeka kijiti. Kisha akarudi kwenye minyaa aliyoipanda mwenyewe, akaanza kuifyeka. Minyaa ikikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, na ukiingia machoni unaweza kukupofua. Mikono yake ilikuwa imeshatapakaa hadi kwenye viwiko jirani alipotoka kwake, naye ana panga. Hakuomba ruhusa. Akaanzia ule upande mwingine, akawa anakata kuja alipo baba. Jua lilikuwa kali. Walipofikia kukaribiana, jirani akainua mkono kujifuta jasho.

"Mzee mwenzangu," baba akasema, "usijifute kwa mkono huo. Utomvu."

Mkono ukabaki hewani. Mama akatoka jikoni na kopo la maji na kipande cha sabuni, akammiminia jirani kwanza.