Krismasi ya Mifuko ya Saruji

Mwaka 1997 mvua za vuli hazikupita Mwanza, zilihamia. Ndiyo ile El Nino ambayo watu wa rika langu wakiitaja hawahitaji kuongeza neno. Reli na barabara zilikatika huku na huku, malori ya kutoka Dar es Salaam yalilala njiani, na madukani kila ulichokiulizia kilikuwa kimepanda au kimekwisha. Baba yangu ni fundi mwashi. Mwashi kwenye mvua ya namna ile hukaa barazani akatazama tope. Nyumba aliyokuwa akiijenga Nyakato ilisimama kwenye lenta, mwenye nyumba akasema tuonane jua likitoka, na kilichobaki kwetu Igogo ni mafungu ya mifuko mitupu ya saruji ambayo mama huwauzia wenye maduka wafungie misumari na sukari.

Katikati ya Desemba mama mdogo alikuja kutoka Bukoba kwa MV Victoria. MV Bukoba ilikuwa imezama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kabisa Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Kwetu, ambao upande wa mama ni Wahaya, tangu siku hiyo aliyeshuka salama kwenye meli ya Bukoba alipokewa kama mgonjwa aliyeruhusiwa kurudi nyumbani. Mama alimkumbatia mdogo wake pale getini hadi wenye mizigo wakaanza kulalamika.

Alikuja na senene wa kukaanga, kahawa, na bunda la maganda makavu ya migomba. Hilo la mwisho ndilo lililotushangaza. Nani anasafirisha takataka za shambani kuvuka ziwa? Mama mdogo alikuwa akifundisha wasichana ushonaji na kazi za mikono, na huko alikuwa amejifunza kutengeneza zile kadi ambazo watalii hununua: mwanamke amebeba mtungi, kila kiungo cha mwili wake ni kipande cha ganda la mgomba, hiki cheusi, hiki cha rangi ya kahawia, hiki cheupe kidogo. Alipoiona mifuko ya saruji kwenye kona hakuuliza ni ya nini. Aliuliza ni ya nani.

Inabidi nieleze kadi zilikuwa kitu gani siku hizo. Kila sebule ilikuwa na uzi umefungwa toka ukuta hadi ukuta, na kadi za Krismasi zinaning'inia juu yake, za mwaka huu na za miaka iliyopita, maana hakuna aliyezitupa. Mgeni akiingia alizisoma kabla hajakaa. Kadi zenyewe zilikuwa na theluji, farasi na mashairi ya Kiingereza, na zile za bei mbaya ukizifungua zinalia muziki mpaka betri ife. Desemba ile hata za theluji zilikuwa za kutafuta. Karatasi za kufungia zawadi, zile za kung'aa, ndiyo kabisa.

Mfuko wa saruji wa wakati ule ulikuwa wa karatasi tupu, tabaka juu ya tabaka. La nje lina maandishi. La ndani kabisa limegandwa na unga wa saruji, ukilishika mikono inakauka. Lakini matabaka ya katikati ni masafi, rangi ya kaki, magumu kuchanika. Unavuta uzi wa mdomoni, ukiupata mwanzo wake sahihi unafumuka wote kwa mkupuo mmoja (nilikuwa bingwa wa hilo, na sijapata kazi nyingine inayonifurahisha kiasi kile), kisha unabandua taratibu. Mama mdogo alilipangusa kila tabaka kwa kitambaa chenye unyevu, akalipiga pasi ya mkaa. Lilinyooka, nyumba ikanukia ukuta mpya.

Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa muhogo. Wino mweusi tulikwangua masizi ya koroboi tukayakoroga na gundi hiyo hiyo. Wa bluu ni bluu ya kufulia. Wa njano ni manjano ya jikoni. Nyota tulizikata kwenye karatasi ya fedha ya pakiti za sigara, na watoto wa mtaa mzima waliokota pakiti wiki nzima. Na mihuri ilichongwa na baba. Alianza kwa kutucheka, siku ya pili akaomba kisu. Mkono wa kupiga plasta ukageuka wa kuchonga viazi: mtumbwi, nyota, na mawe ya Bismarck yakisimama majini. Tatizo la muhuri wa kiazi ni kwamba ukilala unanywea, kwa hiyo kila asubuhi Bismarck iliamka na sura nyingine. Kwa kadi zenyewe tulikunja karatasi ya manila, tukabandika juu yake kipande cha kaki chenye picha, na kwa baadhi mama mdogo alitengeneza Mariamu na Yusufu wa maganda ya migomba, wamekaa ndani ya mtumbwi. Punda hakuwemo. Aliona hana kazi ziwani.

Kukausha ndiko kulikotutesa. Nyumba za Igogo zimekaa katikati ya mawe, na nyuma ya kwetu kuna jiwe kubwa lenye mgongo bapa. Jua likichomoza hata nusu saa jiwe lile linashika joto, basi tunakimbia kutandaza kadi juu yake, na mtoto mmoja anasimama kileleni akitazama wingu upande wa ziwani. Akipiga yowe, sote mbio.

Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri. Nilitaka kujaza ndani ya kila kadi shairi la Kiingereza nililonakili kwenye kadi ya zamani ya sebuleni. Mama mdogo alikataa katakata. "Usiwatie watu maneno mdomoni. Acha patupu." Niliona anaharibu biashara.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba kadi ya Krismasi ya kwanza kuuzwa ilichapwa London mwaka 1843 kwa ajili ya Henry Cole, aliyekuwa na barua nyingi za kujibu kuliko muda. Alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha, wakachapa nakala zipatazo 1,000 zenye salamu tayari, yeye akabaki na kazi ya kujaza jina. Kadi ilibuniwa, kumbe, ili mtu asiandike. Na karatasi ya mapambo ya kufungia zawadi nayo ina hadithi ya upungufu: Desemba 1917, huko Kansas City nchini Marekani, ndugu wa ukoo wa Hall waliishiwa karatasi nyembamba za kufungia dukani mwao, wakatoa karatasi zenye nakshi za kuwekea ndani ya bahasha, zikagombewa. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka mama mdogo na mifuko yake.

Mwenye duka mmoja wa mjini tuliyempelekea aliishika kadi kwa ncha za vidole akasema hauzi mifuko ya saruji. Mama mdogo alishukuru, akatoka, na hapo nje akabadili mpango wote. Tusiuze kadi. Tufunge zawadi.

Tarehe 22 tuliweka meza ya kuazima karibu na geti la bandari, chini ya turubai. Watu wa Ukerewe walikuwa wanarudi kwao na MV Butiama, watu wa Kagera wanasubiri meli ya usiku, na kila mmoja ana kitu mkononi alichonunua Makoroboi au Mlango Mmoja, kimefungwa kwenye mfuko wa Rambo au hakijafungwa kabisa. Bei ilikuwa ya soda moja, kadi ndani yake. Kamba zilikuwa uzi wa nyavu wa kijani kutoka Kirumba, usiokatika hata ukining'inizia jiwe.

Mpira wa miguu: unaukalisha katikati ya karatasi, unakusanya pembe juu, unakaza shingo, zinabaki zimechanua. Seti ya sufuria inafungwa ikiwa imevalishana, mifuniko imepinduliwa ndani. Jembe tulilikataa, mwenyewe akasisitiza, likafungwa, na hakuna mtu pale bandarini aliyeshindwa kujua kuwa ni jembe. Mama mmoja aliyekuwa na doti ya khanga alinyimwa karatasi. Mama mdogo alikunja khanga moja ndogo, akaizungushia ya pili, akafunga fundo juu kwa pembe zake, na kuhakikisha maneno "Wema hauozi" yamekaa usoni. "Hii imekuja na kadi yake," akasema, akakataa na hela.

Halafu zamu yangu: "Tuandike nini?"

Hakuna aliyetaka salamu. Kijana aliyekuwa na viatu vya Bata alisema: "Andika, mama, hela ya dawa imo kwenye kiatu cha kushoto. Viatu ni vya mdogo wangu, asivivae kabla hujaitoa." Dada mmoja, kwa mdogo wake wa kike: "Gauni ni lako, lakini shule ndiyo kwanza." Mwingine alikaa kimya mpaka foleni ikaanza kuguna, kisha akasema taratibu, "Andika, sijasahau. Weka nukta." Nikamuuliza jina la kupelekewa. "Mwenyewe atajua."

Alifika mzee wa Ukerewe, kofia ya balaghashia, ana taa ya chemli mpya. Alikuwa na hofu ya kioo, na meli ikijaa watu hakuna anayeangalia mzigo wa mwenzake. Mama mdogo alikitoa kioo kwenye taa. Alikijaza ndani pamba mbichi isiyochambuliwa, mbegu zake zikigonga kioo tiki tiki, akakiviringisha kwenye ganda la mgomba mara mbili, ganda likakishika, akaweka tena pamba, ndipo akafunga kaki na kutengeneza mshikio wa uzi wa nyavu ili mzee akining'inize kidoleni mwake, mbali na mzigo mwingine. Mzee alikitikisa sikioni. Kimya. Akaridhika.

"Shikamoo babu, tuandike nini?"

"Marahaba. Andika: taa hii ni ya nyumba hii, isiazimwe."

Nikaandika.

"Hata kwa usiku mmoja."

Nikaongeza.

"Sasa tia na Krismasi njema, asije akadhani namgombeza."

Siku mbili zile zilitupatia mchele, kuku, na ada ya muhula wangu wa kwanza ikapunguzwa kidogo. Mwenye duka alimtuma kijana kuuliza bei za jumla, mama mdogo akamwambia mzigo umekwisha, na kweli ulikuwa umekwisha.

Januari, kazi ya Nyakato ikiwa imeanza tena, yule mzee alitutafuta hadi Igogo kwa kuuliza wapagazi. Nilidhani kioo kimevunjika. Hakikuvunjika. Shida ni kwamba mke wake hajui kusoma, kwa hiyo sikukuu, mbele ya familia nzima, kadi alipewa mkwe wao aisome kwa sauti. Na mkwe huyo ndiye anayeazima taa. Alikuwa amesusa tangu siku hiyo, hapiki, haji hata kuchota maji upande wao.

Mama mdogo alikuwa amekwisha kurudi Bukoba. Nilimtafutia mzee kadi moja iliyobaki, ile ya Mariamu ndani ya mtumbwi, nikachukua kalamu.

"Andika," akasema, akafikiri kidogo. "Taa iazimwe. Lakini mafuta aje nayo."